Sikuzani, Mkalimani Mwenye Ndoo

Sikuzani ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo jema lolote utakalolisikia juu yake limetoka kwetu, na baya lolote ni la upande wa baba yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijigamba kwa watu mpaka mwaka jana. Siku hizi sijigambi sana.

Mimi ni Salumu, fundi baiskeli wa Dunda. Nakaa kando ya geti la kituo cha afya na sanduku langu la spana, pampu, na beseni la maji la kutafutia matundu. Shule nilifika darasa la nne, na hilo la nne nililirudia, kwa hiyo ukihesabu vizuri nimesoma miaka mitano. Nasoma gazeti kwa sauti bila kukwama, isipokuwa ukurasa wa biashara. Nayasema haya mapema ili ujue anayekuandikia si mtu wa kuokotwa.

Sikuzani alizaliwa Kiwangwa, kwenye mananasi. Baba yake alikuwa Mkwere wa huko huko, na aliyemlea ni bibi yake mzaa baba, mwanamke aliyeona Kiswahili ni kitu cha kuvaa ukienda sokoni na kukivua ukirudi nyumbani. Mtoto alifika miaka minane hajui lugha nyingine ya kulilia. Baba yake alipofariki, dada yangu akarudi naye hapa mjini, na watoto wa mtaa wakamcheka kila alipofungua kinywa. Nami nilimcheka. Nilimwita Bi Nanasi. Alikuwa ananiangalia tu, halafu anakwenda kufagia uani kwa nguvu mpaka vumbi linanijia mie.

Alipokua aliolewa na Adamu, mtoto wa Mzee Bwanaheri wa Kiwangwa. Kijana mzuri, lakini riziki yake iko kwenye makampuni ya barabara: leo Lindi, kesho Tunduru, nyumbani anaonekana kwenye Idi mbili. Sikuzani akapata kazi ya usafi hapo kituoni. Ndoo, dekio, fagio na koti la bluu lililopauka mgongoni.

Ukalimani ulianza hivi. Siku moja alikuwa anadeki ukumbini, mlango wa daktari uko wazi. Ndani yuko bibi mmoja kutoka vijiji vya huko ndani, mguu umevimba. Daktari anauliza, bibi anajibu, daktari anaandika. Sikuzani akaacha dekio, akachungulia.

"Samahani, daktari. Bibi hasemi habari ya mguu. Mguu umeanza juzi. Anasema kifua, tangu mfungo."

Daktari akainua macho. "Umejuaje?"

"Anasema kwa Kikwere, ila anachomekea Kiswahili ili usimwone mshamba."

Yule bibi alipimwa upya, ikaonekana moyo ndio unaomsumbua, mguu ulikuwa unatoa taarifa tu. Tangu siku ile, akitokea mzee wa huko ndani, sauti inapigwa ukumbini: "Mwiteni wa ndoo!"

Watu wa mjini mtaniuliza, kwani Wakwere hawajui Kiswahili? Wanajua, tena wanakujua na wewe. Atakuuzia nanasi kwa Kiswahili, atabishana na mtendaji wa kata kwa Kiswahili, na msikitini atakuitikia vizuri kuliko unavyoitikia wewe. Lakini mtu akiumwa, hasa mtu mzima, Kiswahili cha sokoni humtoka kama kofia kwenye upepo. Maumivu anayajua kwa lugha aliyobebwa nayo mgongoni. Ukimlazimisha kwa nyingine, anachagua neno analolipata, si neno analolitaka.

Sikuzani alikuwa na namna yake ya kufanya kazi hiyo. Hakuna aliyemfundisha, na kwenye orodha ya kazi alibaki kuwa mfanya usafi. Alisimama nyuma ya mgonjwa, uso ameuelekeza ukutani, ndoo mguuni. Mgonjwa hamwoni, anaisikia sauti tu. Alisema mtu anaweza kuuambia ukuta mambo asiyoweza kuuambia uso. Alikuwa na sheria tatu: asiongeze, asipunguze, asicheke. Tena alisema maneno kama ni yake. Mzee akisema tumbo langu, Sikuzani hamwambii daktari "tumbo lake". Naye anasema "tumbo langu".

Basi hapo nilipata pa kumchezea. Akitoka nje kumwaga maji namwambia, "Bi Nanasi, leo asubuhi nimekusikia dirishani una mimba ya miezi mitano, na saa nne ukawa na ngiri. Mumeo ana habari?"

"Mjomba, ziba pancha."

"Nazibia masikio yangu."

"Yazibe na mdomo uzibie humo humo."

Lakini nilikuwa najivuna naye. Kila mteja aliyeleta baiskeli nilimweleza: yule ni mtoto wa dada yangu, akili hizo ni za kwetu. Na mtu akiuliza Kikwere kajifunza wapi, nilikohoa kidogo nikasema, "Hata mie nakijua. Sisi ni watu wa lugha." Maana ujanani nilifanya misimu miwili ya kununua mananasi Kiwangwa na kuyaleta mjini. Nilichokipata huko, nikikuambia kweli kwa mara ya kwanza, ni salamu, hesabu mpaka ishirini, na matusi ya kutosha kuanzisha vita na kuvimaliza. Lakini maneno yale niliyasema kwa mbwembwe, na watu wa Dunda ambao hawakijui kabisa walinipigia makofi. Hata Sikuzani hakuwahi kunipima. Nani ampime mjomba wake?

Sasa mwaka jana, mwezi wa nane, mikorosho imechanua, akashuka kwenye bodaboda mbele ya geti Mzee Bwanaheri, baba yake Adamu. Mkongojo mkononi, kofia ya kiua, na nanasi moja kwenye kikapu. Alikuja peke yake. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na majirani hakuwaambia anakokwenda. Mtu mzima akificha safari ya hospitali, ujue ugonjwa wenyewe uko pa kufichwa.

Sikuzani alikuwa anapiga deki barazani. Alipomwona alivuta kanga kichwani, akajibanza nyuma ya nguzo, akapiga goti huko huko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, baba. Karibu."

Hawakutazamana. Mzee aliijibu nguzo. Mtu kwetu, na kwa Wakwere ndiyo zaidi, hakai na mkwe wake mkeka mmoja, hali mbele yake, na akikutana naye njiani mmoja anaingia majanini apishe. Kuna baba wakwe wamekaa miaka thelathini na wake za watoto wao hawajawahi kuwaona wakicheka. Ndiyo heshima. Sasa mtu huyo akasimame nyuma yako, auambie ukuta habari za kiuno chako, tena aseme "kiuno changu"? Bora ufe.

Na manesi wote wa kituo ni watu wa bara. Daktari mwenyewe, Daktari Majaliwa, ametoka Kigoma. Kijana mpole, ana haraka kwa sababu benchi limejaa. Kikwere kwake ni kama mvua kwenye bati: anaisikia lakini haimwelezi kitu.

Sikuzani akanijia mbio, kanga bado iko kichwani. "Mjomba, mkwe wangu amekuja. Mie siwezi kuingia. Wewe si unajua Kikwere?"

Ungekuwa wewe ungejibuje? Mafundi wenzangu wawili wako pale, na muuza miwa, wote wananitazama, wote nimewatambia miaka.

"Kama maji," nikasema. Nikanawa mikono kwenye beseni.

"Usiongeze, usipunguze..."

"Nisicheke. Unanifundisha mie sheria? Mie nilikuwa nasema Kikwere mama yako hajaolewa."

Niliingia kama mwanasheria. Nikamwamkia mzee kwa Kikwere, akafurahi, uso ukamfunguka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Halafu akaanza. Mzee wa huko haanzi ugonjwa kwenye ugonjwa. Anaanza kwenye shamba, mvua ya mwaka gani, nani alikuwa hai, ndipo taratibu anausogelea. Alisema muda mrefu, sauti ya chini, macho kwenye sakafu. Mie nilikuwa naokota neno moja huku, moja kule, kama mtu anayeokota korosho gizani. Mwisho akaweka mkono nyuma ya kiuno, akaugandamiza.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Mgongo, daktari."

"Yote hayo ni mgongo?"

"Wakwere wanazunguka sana, daktari. Ukitaka kumuuliza njia ya posta anaanzia alipozaliwa."

Daktari akacheka. Nikacheka. Mzee alipotuona tunacheka, naye akatabasamu, maskini, akidhani tumeelewana. Tabasamu lile ningekuwa na uwezo ningelirudisha mahali lilipotoka.

"Muulize mkojo," daktari akasema. "Unatoka vizuri? Usiku anaamka mara ngapi? Ameona damu?"

Hapo nikakwama. Kwa eneo lile la mwili nilikuwa na maneno, lakini ni yale ya sokoni, ya kumtupia mtu aliyekuzidi bei. Nimtamkie hayo baba mkwe wa mtoto wangu, mzee mwenye kofia ya kiua? Ningeweza kusema, "Daktari, neno hili sinalo." Maneno manne tu. Nilikuwa nayo kwa Kiswahili, yako tayari mdomoni. Badala yake nikamgeukia mzee, nikamuuliza kwa Kikwere changu safi kabisa: nyumbani hawajambo?

Akanitazama kidogo, kama mtu aliyeulizwa saa wakati nyumba inaungua. Akajibu kwamba hawajambo.

"Anasema huko hakuna shida," nikamwambia daktari.

Daktari akaandika. Mzee akapewa bahasha ya vidonge vya maumivu na mafuta ya kuchua. Nje akanipa lile nanasi. Sikuzani aliniuliza akiwa nyuma ya nguzo, "Amesikilizwa?"

"Mpaka mwisho," nikasema. Na nanasi nikalila na wale mafundi. Lilikuwa tamu.

Mzee akarudi mwezi wa kumi. Amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, anatembea kama anayekanyaga miiba. Safari hii kikapuni kulikuwa na mananasi mawili, yangu yote. Kabla hatujaingia aliomba njia ya choo, akakaa huko mpaka namba yake ikapita. Alipotoka jasho linamtiririka. Daktari akauliza hali, mzee akasema kwa Kiswahili, "Vilevile." Akaniangalia mie niyaseme yale mengine, niliyoyabeba tangu mwezi wa nane. Mie sikubeba kitu. Nikasema, "Mgongo umezidi, daktari, usiku halali."

Daktari Majaliwa akaumauma kalamu. "Mzee Salumu, una hakika habari ya mkojo ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, ukanisikia."

Alinisikia kweli. Alisikia sauti. Akaandika sindano na vidonge vingine vikali zaidi.

Tulipotoka, Sikuzani alikuwa ametoka kusafisha choo cha wanaume. Amesimama na ndoo, maji hajayamwaga. Akanivuta pembeni.

"Mjomba, muulize ya choo."

"Choo kina nini?"

"Nimekuta damu. Baada yake hakuna mwingine aliyeingia."

"Labda nesi kamwaga dawa."

"Mjomba, miaka saba nasafisha mle. Naijua dawa na naijua damu. Mie siwezi kumwambia daktari, itakuwa nimemvua mkwe wangu nguo mbele ya watu. Ndiyo maana nakuambia wewe. Umemuuliza ya choo?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye bodaboda anasubiri kuondoka. Ni hatua kumi na tano kutoka pale niliposimama mpaka pale alipo. Na kutoka pale mpaka kwa daktari ni ishirini. Nazijua, nimezipima tangu hapo mara nyingi.

"Nimeshauliza," nikasema. "Yote yameandikwa."

Akashusha pumzi. Aliniamini. Akamwaga maji.

Mwezi wa kumi na mbili walimleta kwenye bajaji, amelala, tumbo limejaa kama ngoma. Siku mbili mkojo haukutoka hata tone. Manesi walimwekea mpira wa mkojo wakampa nafuu, na kilichojaa kwenye mfuko wake kilikuwa chekundu kama maji ya rozela. Daktari Majaliwa akaja, akautazama ule mfuko, akamgusa mzee mifupa ya mgongo mmoja mmoja, kisha akanitazama mie niliyekuwa mlangoni.  Ningependa angenitukana.

Wakampa rufaa Dar. Akaenda na gari la wagonjwa na nesi mmoja, akapimwa kila kipimo. Huko nako, nesi alituambia, kila alichoulizwa aliitikia "ndiyo", kwa sababu ndiyo ndilo neno la Kiswahili lisilogombana na mtu. Akarudi baada ya siku tisa na barua kwenye bahasha ya kaki. Saratani ya tezi dume. Imeshapanda kwenye mifupa. Tiba ya kumponya hakuna, apewe dawa ya kutuliza maumivu, awe karibu na watu wake.

Adamu alipigiwa simu huko Tunduru. Akasema ameomba ruhusa, anasubiri jibu.

Mzee alikuwa analalia kitanda cha mwisho wodini, karibu na dirisha. Alijua kuna barua. Alikuwa anaiangalia mkononi mwa daktari, haulizi. Daktari akatoka ukumbini akaniita. Mie nilikuwa nimesimama na mikono yangu ya grisi.

"Mzee Salumu, njoo. Lazima aambiwe, ni haki yake. Na nataka kumuuliza ilianza lini, safari hii yote, kuanzia mwanzo."

"Daktari, leo koo langu..."

"Koo lina nini?"

Sikuzani alikuwa anadeki pale pale miguuni mwetu. Dekio likasimama.

"Mjomba."

"Naam."

"Siku ile ya kwanza, ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Ulimuuliza nini?"

Nimewahi kudanganya polisi, wake wawili, na ofisa wa kodi. Macho ya mtoto yule sikuyaweza.

"Nilimuuliza habari za nyumbani," nikasema.

Hakupiga kelele. Hakunitukana, na matusi ya Kikwere anayo mengi kuliko mie. Alilaza dekio sakafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akafungua kanga ya kiunoni, akajifunika kichwa na uso mpaka kidevuni, akaingia wodini. Ndoo aliiacha.

Alikwenda mpaka kitandani, akageuza mgongo, uso ukutani. Mzee aliijua kanga, akajua ni nani. Akavuta shuka la hospitali akajifunika kichwa kizima. Basi wakawa hivyo: mmoja ndani ya kanga, mmoja ndani ya shuka, na daktari katikati yao ameshika barua. Sikuzani akasema neno kwa Kikwere. Hata mie nililielewa hilo, ni la kuomba radhi, linasemwa na mtu aliyekanyaga kaburi.

 Daktari akauliza ilianza lini.

 Kisha sauti ikaanza kutoka chini ya shuka, ndogo, na Sikuzani akawa anaitoa upande wa pili kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa namna yake ile ile.

"Nilianza kuumwa mikorosho inatoa maua. Mkojo wangu unakuja kwa matone. Naamka usiku mara sita, mara saba, nasimama uani mpaka jogoo wanawika. Halafu nikaona damu. Nikaona aibu. Nikasema nitakwenda mjini ambako hawanijui."

Akapumua. Ukuta ule ni wa rangi ya kijani, umebanduka. Alikuwa anauambia huo.

"Nilipofika nilimkuta mjomba wa mke wa mwanangu. Nikasema huyu ni mtu mzima mwenzangu, nitamwambia. Nilimwambia yote, siku ya kwanza. Nilimwambia matone, nilimwambia damu, nilimwambia kiuno kinavunjika. Nilimwambia sitaki kufa kabla Adamu hajarudi. Naye akacheka na daktari, akaniuliza nyumbani hawajambo. Nikadhani ndivyo dawa zinavyotolewa mjini."

Hakuongeza. Hakupunguza. Sauti yake haikupanda wala kushuka alipofika kwangu. Angeruka sentensi ile moja nisingemdai. Nilisimama mlangoni nikiyasikia maneno niliyoambiwa miezi minne nyuma, sasa yamefika.

Daktari alikunja barua. Akasema yaliyomo, polepole, na Sikuzani akayapeleka chini ya shuka. Huko nako hakupunguza. Nilimwombea apunguze, wallahi. Aseme labda, aseme Mungu anajua. Alisema kilichoandikwa. Shuka halikutikisika. Baadaye mzee akasema kitu kifupi, na Sikuzani akaikaza kanga usoni.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Nataka kwenda nyumbani," Sikuzani akasema. "Na huyu mwanamke asinifuate."

Si kwa hasira, msimwelewe vibaya mzee. Alikuwa ameonwa. Mtu akishaonwa na mkwe wake hana tena pa kukaa mbele yake.

Sikuzani alipeleka Kiwangwa kuku mweupe na shuka jipya, ndiyo desturi ya kufuta aibu ya namna ile. Vitu vilipokelewa na watoto wa jirani mpakani mwa shamba. Yeye hakuambiwa apite. Alikaa njiani mpaka adhuhuri, mananasi yameiva pande zote, akarudi.

Adamu alipata ruhusa siku ya kumi na moja tangu apigiwe simu. Alimkuta baba yake amezikwa juzi yake. Sisi wa Dunda tulipata habari kwa dereva wa bodaboda aliyekuja kubadilisha tairi kwangu, akaniuliza, "Mzee Salumu, mbona mazikoni hamkuonekana?" Nikaendelea kufungua nati.

Na Adamu alipofika mjini hakumgombeza mkewe. Alimuuliza jambo moja, nami nilikuwepo uani.

"Wewe ulisimama ukasikia habari zote za mzee?"

"Nilisikia."

"Zote?"

"Ungetaka nimwache afe na maneno mdomoni?"

 Adamu alirudi Tunduru kabla siku zake za ruhusa hazijaisha. Idi iliyofuata hakuja, alituma salamu.

Sikuzani bado anafagia. Koti lile lile, ndoo mpya. Lakini sauti ikipigwa ukumbini, "Mwiteni wa ndoo!", anajibu bila kuinua kichwa: "Mie mfagizi." Daktari Majaliwa alimwomba mara mbili, tena kwa adabu. Akamwambia, "Daktari, nilikuwa nadhani lugha ndiyo ilikuwa inakosekana. Kumbe ni mtu wa kusema kweli." Akaendelea kudeki. Baadaye daktari alihamishwa, akaja mwingine, na mlangoni wakabandika karatasi: mgonjwa asiyejua Kiswahili aje na mtu wake. Imeandikwa kwa Kiswahili.

Mie hanisemeshi. Anapita na ndoo, ananipa shikamoo ya mjomba kwa sababu amelelewa vizuri, basi. Nimejaribu kumtania. Juzi nilimwambia, "Bi Nanasi, leo hukuja kunirushia vumbi?" Akazunguka kwa upande wa pili wa geti ili vumbi lisinifikie. Hilo lilinichoma kuliko tusi.

Wiki iliyopita alishuka bibi mmoja kwenye bodaboda, mwembamba, kashika ubavu. Akasimama getini akauliza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika kama kuna mtu wa kwao hapa. Muuza miwa, ambaye kumbukumbu yake ni fupi kama penseli yangu ya darasa la nne, akanyoosha kidole.

"Huyo hapo, bibi. Mzee Salumu. Anakijua kama maji."

Bibi akanigeukia, uso ukamfunguka. Ulikuwa uso ule ule wa Mzee Bwanaheri, nakuambia, kama wamepokezana. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kusema kwa Kikwere, kuanzia mbali, kwenye shamba.

"Sijui, mama," nikasema. "Mie sijui."

Akadhani hakusema vizuri. Akaanza tena, polepole zaidi, kwa hisani ya mtu anayemsaidia mgeni.

"Sikijui, mama. Nisamehe."

Nikatazama barazani. Sikuzani alikuwa pale, anakamua dekio. Alisikia, najua alisikia, maana mikono yake ilisimama ikishika dekio lililosokotwa, maji yanadondoka. Nilisubiri. Na bibi, bila kujua anachokisubiri, akasubiri nami. Halafu Sikuzani akalitia dekio ndooni, akainama, akaanza upya pale pale palipokuwa pameshakauka.

Bibi akaingia peke yake. Hakukawia. Alitoka na bahasha ndogo nyeupe ya vidonge, akaitazama mbele na nyuma, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaniaga kwa heshima akapanda bodaboda.